Kata, Geuza, Rudia: Namna ya Kujenga Ngoma ya Kucheza kwa Kipande cha Wimbo wa Zamani

Simama karibu na spika kwenye kigodoro, sherehe ya mtaani ya usiku kucha, huko Manzese au Tandale, Dar es Salaam, usikilize kinachopita chini ya sauti ya MC. Kuna kinanda chembamba, cha haraka mno, kinachojirudia bila kuchoka. Ukikishusha kasi hadi nusu, utakitambua. Ni kipande cha taarab, kile cha katikati ya ubeti na ubeti, mwimbaji anapopumzika na akina mama wanainuka kwenda kutunza. Ma-DJ wa uswahilini walikipenda hicho, wakakikata, wakakipandisha kasi, wakakiacha kijirudie hadi kuche. Juu yake MC akaanza kuchana. Singeli ilichipuka hapo, jirani kabisa na muziki wa mchiriku na vinanda vyake vidogo vya Casio.

Kazi hiyo inaitwa kusampo: kuchukua kipande cha sauti iliyokwisha kurekodiwa na kukijengea muziki mwingine. Naifananisha na fundi cherehani anayekata gauni la bibi ili amshonee mjukuu. Asipojua uzi unakwenda upande gani, ataharibu gauni la bibi na mjukuu atabaki bila nguo. Mwongozo huu ni wa kijana mwenye kompyuta ya kawaida na masikio yenye hamu. Ukiufuata, utaweza kukata kipande, kukigeuza kikubali kasi mpya, na kujua ni nani wa kumwendea kabla hujautoa wimbo.

Kwanza, kwa nini kipande kidogo huzaa muziki mzima

Tarehe 11 Agosti 1973, mtaa wa Bronx, New York, Cindy Campbell aliandaa dansi kwenye ukumbi wa jengo walimoishi, 1520 Sedgwick Avenue, apate fedha za nguo za shule. Aliyepiga sahani ni kaka yake Clive, mzaliwa wa Jamaika, ambaye dunia inamfahamu kama DJ Kool Herc. Herc alikuwa na macho. Aliona kuwa wachezaji wakali hawajitupi uwanjani wimbo unapoanza. Wanangoja pale vyombo vingine vinaponyamaza zikabaki ngoma peke yake. Basi akawa anaweka nakala mbili za sahani moja, hii ikimaliza kipande cha ngoma anahamia ile, na sekunde chache zikawa dakika nyingi. Hip hop ilianzia kwenye tundu hilo la ngoma tupu.

Mashine zikaja baadaye. E-mu SP-1200 ya mwaka 1987 ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi sekunde 10 tu za sauti. Watayarishaji wakabuni ujanja: sahani ya mizunguko 33 waliizungusha kwa 45 ili kipande kiingie kikiwa kifupi, kisha wakakishusha ndani ya mashine. Sauti ilitoka na vumbi na mikwaruzo, na vumbi lile likawa ladha ambayo watu wanaitafuta hadi leo. Kumbuka hilo siku utakapoona kompyuta yako ni dhaifu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa The Winstons. Mwaka 1969 walitoa "Color Him Father", na upande wa pili wa sahani wakaweka "Amen, Brother", wimbo wa vyombo tupu bila maneno. Katikati yake mpiga ngoma Gregory Coleman anaachiwa baa 4 peke yake. Ni kama sekunde 7. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, vijana wa Uingereza walizichukua sekunde hizo, wakazipandisha kutoka mapigo yapatayo 137 kwa dakika hadi 160 na kuendelea, wakazikata kila pigo mbali na jirani yake na kulipanga upya, huku besi ikitembea taratibu kama ya rege. Ikaitwa jungle, kisha drum and bass.

Ukiziweka Bronx, London na Dar es Salaam pamoja, utaona mambo yaleyale matatu: tundu kwenye wimbo, kasi mpya, na marudio. Ufundi wote nitakaokueleza unahudumia hayo. Na mtu akikuambia mambo haya ni ya Wazungu, mwambie kuwa mwaka 1944, mjini Cairo, mtunzi Halim El-Dabh aliazima mashine ya kurekodia kwa waya, akarekodi sherehe ya wanawake ya zari, yaani ya kupunga pepo, kisha akaigeuzageuza sauti ile hadi ikawa utunzi mwingine. Pierre Schaeffer wa Paris, anayetajwa sana kwenye habari hizi, alitoa kazi zake za kwanza za namna hiyo mwaka 1948.

Unachohitaji

Kompyuta, programu moja ya muziki unayoimudu (FL Studio, Ableton Live, au Audacity ambayo ni ya bure kwa ukataji), spika za masikioni zisizotia chumvi kwenye besi, na daftari la karatasi. Daftari ni la lazima, nitalirudia.

Hatua kwa hatua

1. Tafuta tundu. Sikiliza wimbo mzima mara tatu. Mara ya kwanza andika dakika na sekunde za kila sehemu isiyo na sauti ya mtu. Mara ya pili andika palipobaki chombo kimoja au viwili. Mara ya tatu simama ucheze, na uandike pale mwili ulipoitika kabla ya akili. Wimbo wa taarab ya kisasa unaweza kupita dakika 10, na mara nyingi kipande kizuri kimejificha mwishoni, wapigaji wanapokuwa wameshajiachia. Usikate tamaa dakika ya pili.

2. Pata chanzo safi. Kaseti, sahani, CD au faili la WAV. Faili lililobanwa upya mara tano limeshanyofolewa sauti za juu. Ukilivuta kasi litalia kama redio iliyotumbukia majini. Ukirekodi kutoka kwenye kaseti, safisha kwanza kichwa cha redio kwa pamba na spiriti, na uache nafasi kwenye mita: kilele kisipite desibeli 6 chini ya sifuri.

3. Pima kasi. Programu itakisia yenyewe, lakini hukosea sana kwenye muziki wetu, maana wapigaji hawakufuata saa ya mashine. Pima mwenyewe kwa hesabu iliyo kwenye sanduku hapa chini.

4. Kata. Vuta picha ya sauti hadi uone wimbi lenyewe likipanda na kushuka. Anza kukata sekunde ileile pigo la kwanza linapogonga, pale wimbi linapovuka mstari wa katikati. Ukikata likiwa juu au chini utasikia "tk" kila kipande kinaporudi, na "tk" hiyo ikirudi mara 200 ndani ya wimbo, msikilizaji atachoka bila kujua kwa nini. Malizia vivyo hivyo. Kisha kirudie dakika nzima huku umefumba macho. Kama hujui kinaanzia wapi na kuishia wapi, umekata vizuri.

5. Chagua namna ya kubadili kasi. Njia ni mbili. Ya kwanza, kasi na sauti vinapanda pamoja, kama sahani inayozungushwa haraka: kinanda kinakuwa chembamba, sauti ya mtu inakuwa ya mtoto. Ya pili, kasi inapanda na sauti inabaki palepale. Hiyo ya pili inaonekana ya kistaarabu zaidi, lakini sikiliza kabla hujaamua. Ukali wa singeli unatokana sana na njia ya kwanza. Nao mlio wa chuma uliosikika kwenye jungle ulitoka kwa mashine za Akai zilizolazimishwa kuvuta sauti kwa njia ya pili kuliko uwezo wake. Kasoro ya mashine ikawa sahihi ya muziki.

6. Katakata na upange upya. Kigawe kipande pigo moja moja. Weka kila pigo kwenye kitufe chake. Sasa cheza: 1, 2, 3, 4, halafu 1, 1, 3, 2. Hapa ndipo kipande kinapoacha kuwa cha mwenzako pekee na mkono wako unapoanza kusikika. Ukiona unapita hatua hii haraka, rudi. Mimi hukaa hapa jioni nzima, na sijajuta.

7. Pisha besi. Kipande cha zamani kina besi yake na ngoma yake nzito. Ukiongeza yako juu, zitagombana na spika itanguruma tu. Ondoa kwenye sampo sauti zote za chini ya hezi 120 hivi, kisha uweke ngoma na besi mpya kwenye nafasi uliyoiacha wazi.

8. Jenga, kisha ubomoe. Ongeza kitu kimoja kila baada ya baa 8: manyanga, kofi, tari. Ukifika kileleni, ondoa vyote kwa baa 2 ubakize sampo tupu. Mchezaji naye anahitaji tundu.

SANDUKU: HESABU YA 960

Baa 4 za kawaida zina mapigo 16. Mapigo 16 mara sekunde 60 ni 960. Basi:

- Kujua kasi: gawanya 960 kwa sekunde za baa 4. Baa 4 zikichukua sekunde 9.6, kasi ni mapigo 100 kwa dakika.
- Kujua urefu mpya: gawanya 960 kwa kasi unayoitaka. Ukitaka 200, kipande chako lazima kiwe cha sekunde 4.8.
- Kwa njia ya kwanza ya hatua ya 5, kila asilimia 6 unayoongeza kwenye kasi hupandisha sauti kwa nusu toni moja hivi. Kasi ikiwa mara mbili, kutoka 100 hadi 200, sauti inapanda oktavu nzima, nusu toni 12.

Jaribu kwa Coleman: 960 gawanya kwa 7 ni 137. Kwa kasi ya 170, sekunde 7 zake zinabaki 5.65, na ngoma zinapanda karibu nusu toni 4.

Wimbo ukienda kwa mwendo wa chakacha, ule wa tatu-tatu, hesabu mguu unapokanyaga, usihesabu kila kofi. Singeli hupita 200, na wako wanaofika 300. Kabla hujafika huko, hakikisha kipande kina sauti chache. Kinanda kimoja kinastahimili kasi hiyo, okestra ya fidla nane haistahimili.

Makosa ninayoyasikia kila wiki

*Kuchukua kiitikio.* Sehemu ambayo kila mtu anaijua ndiyo inayokubana zaidi: utafungwa na kumbukumbu ya wimbo wa kwanza, na utaulizwa ruhusa mapema zaidi. Chukua sekunde ambazo hakuna aliyeziona.

*Kunyoosha kila kitu.* Programu inakupa kitufe cha kuweka kila pigo kwenye mstari. Mpigaji wa zamani alichelewesha pigo la tatu kwa makusudi, na ndiyo maana ulilipenda. Nyoosha pigo la kwanza la kila baa, mengine yaache yapumue.

*Sampo tatu ndani ya wimbo mmoja.* Anza na moja. Zikiwa tatu, huenda kila moja iko kwenye ufunguo wake, na kuzilinganisha kwenye mitambo si kazi rahisi.

*Kurekodi kila kinacholia.* Hapa nasema kwa uzito. Adhana, dua za msiba na nyimbo za unyago hazikuimbwa ili watu wazichezee. Ngoma ya jando ina wenyewe na ina siri zake. Uzuri wa sauti haukupi haki ya kuipeleka kwenye kigodoro. Waulize wazee wa mahali hapo, na wakikataa, liishie hapo.

Haki: sehemu ambayo vijana huiruka

Wimbo mmoja una haki mbili. Ya kwanza ni ya utunzi: maneno na mahadhi. Ya pili ni ya rekodi yenyewe, ile sauti iliyonaswa studio siku ile, na mara nyingi iko kwa aliyelipia studio. Ukikata kipande umegusa zote mbili. Ukiita mpiga kinanda akakupigia mahadhi yaleyale upya, umeikwepa ya rekodi, lakini ya utunzi bado iko palepale. Manu Dibango wa Kameruni alitoa "Soul Makossa" mwaka 1972. Michael Jackson aliimba upya kibwagizo chake kwenye albamu ya Thriller ya 1982, hakukata rekodi, na bado ilibidi wapatane. Wimbo wa Rihanna wa 2007 ulipokitumia tena, mzee Dibango akaenda mahakamani Paris mwaka 2009.

Utaambiwa kuwa sekunde chache hazina kosa. Usiamini. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilishitaki kwa ajili ya sekunde 2 za ngoma zilizotoka kwenye rekodi yao ya 1977, na kesi ikavuka miaka 20. Mwaka 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa, isipokuwa kama kimegeuzwa kiasi kwamba sikio halikitambui tena. Kwetu, Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 na ofisi ya COSOTA. Kenya ina KECOBO. Anzia huko kuulizia mwenye wimbo.

Ila sababu yangu kubwa haiko mahakamani. Gregory Coleman, ambaye sekunde zake 7 zimewatajirisha wengi, alifariki mwaka 2006 akiwa hana makao. Richard Spencer, kiongozi wa The Winstons, alikaa miongo bila kupata chochote kwa sampo hizo, hadi mwaka 2015 wapenzi wa muziki walipomchangia pauni 24,000. Kati ya wapiga vinanda wa taarab wanaozunguka kwenye singeli wapo walio hai, wengine wanapanda daladala moja na wewe. Wanafikika.

Namna ya kuomba

1. Tafuta jina la mtunzi na la aliyerekodi. Ganda la kaseti, DJ wa redio mwenye umri, au wanamuziki wenyewe watakusaidia.
2. Nenda mwenyewe ukiweza. Kama ni mtu mzima, simu ya ghafla si adabu. Tanguliza mtu anayemfahamu.
3. Msikilizishe wimbo wako mpya ukiwa na sampo ndani. Asikubali kitu asichokisikia.
4. Pendekezeni mgawo kwa asilimia, siyo fedha ya soda ya siku moja tu. Uandikeni, wekeni sahihi mbele ya shahidi, kila mmoja abaki na nakala.
5. Andika jina lake kila mahali wimbo unapotokea.

Ukilazimika kuanza kwa ujumbe, uwe hivi:

"Shikamoo Bibi. Naitwa (jina), natengeneza muziki Mbagala. Nimeelekezwa kwako na (jina). Nimetumia sekunde 10 za kinanda kutoka kwenye wimbo wako (jina la wimbo), nikatengeneza wimbo wa kucheza ambao bado sijautoa. Naomba nije siku utakayopanga, uusikilize, kisha tuzungumze kuhusu ruhusa na mgawo wako. Usipopendezwa nao, nitakitoa kipande chako."

Sentensi ya mwisho uiweke tu kama unaimaanisha.

Daftari la sampo

Zamani nilitengeneza biti kwa kinanda nilichokikata kutoka kwenye flashi ya rafiki. Faili liliitwa "taarab mpya 14". Msanii akaipenda, akaingiza sauti, akataka kuitoa rasmi, akaniuliza kinanda ni cha nani. Nilizunguka kwa wauza kaseti wa Kariakoo wiki mbili nikiwapigia kipande kwenye simu. Wengi walikijua, hakuna aliyejua jina. Wimbo ule haujatoka hadi leo, na ni mzuri. Tangu hapo siku ileile ninapokata, naandika:

☐ Jina la wimbo, mwimbaji au kundi, mwaka kama umeandikwa
☐ Mtunzi, na aliyelipia au kumiliki rekodi
☐ Nimeupata wapi: kaseti, CD, faili, kwa nani
☐ Dakika na sekunde nilipoanza na nilipoishia
☐ Kasi ya mwanzo na kasi mpya. Njia ya kwanza au ya pili
☐ Jina la biti nililolitumia
☐ Ruhusa: nimeomba lini, nimejibiwa nini

Kama mwenye wimbo hapatikani, au amekataa, una njia nyingine iliyo bora kuliko kujificha: tengeneza tundu lako mwenyewe. Waite wapiga ngoma wawili na mpiga kinanda mmoja, walipe siku nzima, waandikiane nawe kwamba utakata na kurudia. Waache wapige kwa kasi wanayoipenda wao, 90 au 100, dakika 20 mfululizo. Usiwakatize wakikosea. Weka simu au maiki kimo cha kiuno, hatua mbili kutoka kwenye ngoma, mbali na ukuta wa bati. Utapata zaidi ya tundu moja, na haki utakuwa unazijua kabla ya kuanza.

Kabla hujautoa

Usiupime wimbo kwenye spika za masikioni peke yake. Upige kwenye spika ndogo ya simu: kama sampo haisikiki hapo, umekata sauti nyingi mno kwenye hatua ya 7. Kisha mpelekee DJ wa mtaani kwenye flashi, umwombe auingize katikati ya nyimbo zake bila kutangaza. Usisimame karibu naye. Simama pembeni ya uwanja utazame miguu ya watu, saa mkononi, na uandike dakika na sekunde ambayo wa kwanza anaacha kucheza. Kesho yake fungua faili pale pale, ukaanze tena hatua ya 6.